Saa 12 ya nani? Kuandika maelezo ya zana ili wakala wa akili unde aelewe

Mjomba wangu alikubali kuwa abiria wetu wa kwanza. Tulikuwa tumemaliza kuunganisha mfumo wa tiketi wa mteja mmoja mwenye mabasi na wakala wa akili unde, ili mtu aandike ombi lake kwa Kiswahili cha kawaida kwenye simu na tiketi imjie. Mjomba akaandika: "Naomba tiketi ya Arusha kesho, basi la saa 12 asubuhi." Muda si mrefu ujumbe ukaingia: Dar es Salaam kwenda Arusha, tarehe ya kesho yake, 12:00, kiti namba 14. Aliiona ile 12 akaridhika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa tayari yuko kituo cha Magufuli pale Mbezi, begi mgongoni, akanipigia: "Mjomba, hapa wananiambia basi langu linaondoka saa sita mchana."

Tulikaa siku nzima tukitafuta kosa kwenye msimbo na hatukuliona. Basi la saa sita mchana lipo kweli, kiti kilikuwa wazi, malipo yalipita, na hifadhidata ilirekodi kila kitu sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye maelezo ya zana, yaani yale maandishi mafupi yanayomweleza wakala namna ya kuutumia mfumo, mahali palipoandikwa "saa: muda wa kuondoka", basi. Modeli, yaani ile akili unde yenyewe iliyo ndani ya wakala, ilisoma "saa 12", ikaona nafasi inayodai saa, ikaijaza 12:00. Kwenye majaribio yetu ya awali mara kadhaa iligeuza vizuri ikaandika 06:00, ndiyo maana hatukushtuka mapema.

Wakala ninayemzungumzia hapa si yule wa kibandani anayetoa na kuweka pesa, ingawa huyo naye nitamrudia. Wakala wa akili unde ni programu iliyojengwa kuizunguka modeli ya lugha na kupewa ruhusa ya kutenda: kutafuta safari, kukata tiketi, kufuta faili, kutuma barua pepe. Modeli yenyewe haifanyi lolote kati ya hayo. Inachoweza ni kusoma maandishi na kuandika maandishi. Kwa hiyo kabla mazungumzo hayajaanza hupewa orodha ya zana. Kila zana huja na jina, maelezo mafupi kwa lugha ya watu, na muundo wa taarifa zinazotakiwa, yaani nafasi zipi zijazwe na kila moja ijazwe kitu cha aina gani. Modeli ikiona zana fulani inahitajika, huandika ombi lenye jina la zana na kile kinachoingia kwenye kila nafasi. Programu inayoizunguka hulichukua ombi hilo, huiendesha zana, kisha huirudishia modeli jibu kama maandishi mengine ya kusoma. Inasoma, inaamua hatua inayofuata, na mzunguko unaendelea hivyo hadi kazi iishe.

Mpangilio huu ulishika kasi baada ya kampuni ya OpenAI kuuweka mikononi mwa waandaaji programu Juni 2023. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa itifaki ya wazi iitwayo MCP, ambayo inawezesha zana iliyotengenezwa mara moja kutumiwa na mawakala wa aina nyingi. Kanuni zinatofautiana hapa na pale, lakini kwa zana kama hii yetu hali ni ileile: modeli haioni msimbo ulio nyuma yake. Haioni hifadhidata, haioni skrini ya karani, haioni yale maoni uliyojiandikia ndani ya faili. Inaona sentensi mbili tatu ulizoandika, na kwake sentensi hizo ndizo zana yenyewe.

Sisi watu tumezoea kuishi na maelezo mabovu kwa sababu tuna njia za pembeni. Ukiajiriwa leo kwenye kampuni ya programu, ukakuta pameandikwa "saa: muda wa kuondoka", utamgeukia mwenzako wa meza ya pili: "Kaka, hii saa mnaandika ya Kizungu au ya Kiswahili?" Atakujibu bila hata kuinua macho, na ukishajua umejua. Nyingi ya nyaraka tunazoandika maofisini zimeegemea majibu ya namna hiyo, na hazikuwahi kutosha zenyewe. Waliotutangulia walilijua hilo. Mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie na kutoka Novemba 1971, ulikuwa na kipengele kizima cha kutaja kasoro za amri, kwa sababu mtumiaji anahitaji kujua pia mahali ambapo amri itamwangusha.

Wakala hana mwenzake wa meza ya pili. Zaidi ya hapo, akikuta pengo, mara nyingi hasimami. Mtu asipoelewa husita, hukuna kichwa, huuliza. Modeli ya lugha imefunzwa kuendeleza maandishi, hivyo hulijaza pengo kwa kile kinachoelekea kuwa sahihi, na sentensi ya kubahatisha huitoa kwa sauti ileile ya sentensi ya uhakika. Na kesho akianza kazi upya, kosa la jana halimfundishi kitu isipokuwa wewe umeliandika mahali atakapolisoma.

Baada ya safari ya mjomba tuliiandika upya ile nafasi ya saa hivi:

"saa: Saa ya kuondoka kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, kwa tarakimu nne, mfano 06:00. Abiria wengi hutaja saa kwa hesabu ya Kiswahili, inayotofautiana na hii kwa saa sita: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 2 usiku ni 20:00, saa 6 usiku ni 00:00. Abiria akitaja saa bila kusema asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kabla ya kukata tiketi."

Tazama kilichoongezeka pale. Mtindo wa kuandika umetajwa na mfano wake upo. Namna watu halisi wanavyosema imetajwa pia, jambo ambalo mwandishi wa nyaraka huliacha kwa kuwa kwake ni la kawaida mno. Na sentensi ya mwisho inampa wakala ruhusa ya kusimama. Mimi naiona hiyo ya mwisho kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu bila kuambiwa kwamba kuuliza ni sehemu ya kazi, wakala huchukulia kwamba kazi ni kumaliza.

Tarehe ilitusumbua zaidi ya saa. Modeli haijui leo ni tarehe ngapi mpaka iambiwe, kwa hiyo "kesho kutwa" na "mtondo" haviwi tarehe bila programu inayoizunguka kuweka tarehe ya leo mwanzoni mwa mazungumzo. Hilo ni rahisi. Gumu ni usiku. Kwa hesabu yetu ya jadi siku huanza jua linapozama, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa, na wazee wengi wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wana maana ya ule unaofuata Alhamisi mchana. Kompyuta hubadilisha tarehe saa sita usiku. Sasa abiria anataka basi la saa sita usiku wa Ijumaa. Ni tarehe ipi? Ukimpa swali hilo karani mzoefu atakuuliza wewe, "Yaani Alhamisi tukilala?" Tulimwandikia wakala afanye vivyo hivyo: kwa safari yoyote kati ya 18:00 na 05:59, arudie kwa abiria jina la siku aliyoikuta jua likizama na jina la siku atakayoamkia, asubiri ndiyo.

Pesa nayo ina mtego ambao Afrika Mashariki inaujua kwa vitendo bila kuujua kwa maandishi. Kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, kinazipa shilingi ya Tanzania na ya Kenya tarakimu mbili za senti, lakini shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina hata moja. Mifumo mingi ya malipo hutaka kiasi kiandikwe kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu husika. Hapo nauli ya shilingi 45,000 za Tanzania inaandikwa 4500000, na shilingi 45,000 za Uganda zinabaki 45000. Nani anahesabu senti Dar es Salaam ya leo? Kwa hiyo mwandishi wa maelezo anasahau kuzitaja, na wakala aliyesoma neno "kiasi" peke yake anamtoza abiria shilingi 450. Andika "kiasi kwa senti, shilingi 45,000 iwe 4500000". Afadhali zaidi, iite nafasi yenyewe kiasi_kwa_senti, maana jina husomwa kila mara.

Namba ya simu ni vivyo hivyo: inaweza kuanza na 07, na 2557, au na +2557, na ukiitangaza nafasi yake kuwa ya tarakimu badala ya maandishi, sifuri ya mwanzo hupotea. Chagua mtindo mmoja, utaje, weka mfano.

Kuna kosa jingine linalotokana na zana kuishi pamoja. Kila zana ikisomwa peke yake inaeleweka. Zikikaa kumi kwenye orodha moja zinaanza kugombana. Sisi tulikuwa na kata_tiketi na badilisha_tiketi. Abiria aliyetaka kusogeza safari yake kutoka Jumanne hadi Jumatano alikatiwa tiketi ya pili, kwa sababu maelezo ya kata_tiketi yalisema "hutoa tiketi kwa tarehe iliyoombwa", na tarehe iliyoombwa kweli ilikuwa Jumatano. Maelezo ya zana yanahitaji kusema isitumike lini, na kazi hiyo ni ya nani. "Kama abiria tayari ana tiketi ya safari hiyo, usitumie zana hii, tumia badilisha_tiketi." Sentensi moja ilitosha.

Jibu linalorudi ni nyaraka pia, ingawa wengi hawalihesabu hivyo. Mfano mzuri ni malipo kwa simu. Mfumo wa Daraja wa Safaricom, unaounganisha programu na M-Pesa, ukiuomba umtumie mteja ombi la kuweka namba ya siri, hujibu kwanza kwamba ombi limepokelewa. Matokeo ya malipo yenyewe hufika baadaye kwenye anwani uliyoitoa, na yanaweza kusema kwamba mteja ameghairi. Kwa mtu aliyesoma mwongozo hilo ni wazi. Lakini ukiifunga huduma ya namna hiyo ndani ya zana yako, halafu zana yako ikamrudishia wakala neno "imefanikiwa", atamwambia abiria kwamba amelipa, atakata tiketi, na basi litaondoka na kiti kisicholipiwa. Zana irudishe maneno yanayosema hali ilivyo: "Ombi limetumwa kwenye simu ya mteja. Bado hajalipa. Subiri, kisha tumia angalia_malipo kabla ya kukata tiketi."

Ujumbe wa hitilafu unastahili uangalizi huohuo. Hitilafu namba 400, ile ya kusema ombi lina kasoro, isiyo na maelezo humwambia wakala kwamba amekosea bila kumwonyesha mahali, naye huanza kubahatisha: anabadilisha tarehe, anabadilisha mji, anaondoa nafasi moja, anajaribu tena. Nimesoma rekodi ya hatua za wakala ambamo alizunguka hivyo mara kumi na moja. Tulipobadilisha ujumbe ukawa "Saa '6' haieleweki. Andika kwa tarakimu nne, mfano 06:00 au 18:00", alisahihisha kwa jaribio moja. Maelezo ya mwanzo alikuwa ameshayasoma, lakini mazungumzo yakirefuka, yaliyosemwa mwanzoni yanaweza kupotea katikati ya mengine mengi. Hitilafu humfikia palepale anapohitaji.

Sasa nimrudie wakala wa kibandani na pesa zake za simu. Unapotuma pesa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri huonyeshwa jina la mpokeaji. Hatua hiyo ndogo imeokoa pesa za watu wengi, kwa sababu kinachofuata si rahisi kukirudisha. Zana za programu zinahitaji mgawanyo uleule, uliotamkwa: hii inasoma tu, hii inabadilisha, hii inafuta na haina kurudi. Itifaki ya MCP ina alama maalumu za kutangaza hivyo, pamoja na ya kusema kama kurudia ombi lilelile kunaleta madhara mapya. Hiyo ya kurudia usiipuuze. Mtandao ukikatika kabla jibu halijarudi, wakala hujaribu tena, na kama zana haikutengenezwa kulitambua ombi la pili kuwa ni lilelile la kwanza, abiria ana viti viwili.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani ushauri wangu ni kuandika sana. Sivyo, na hapa ndipo nilipojifunza kwa shida. Maelezo ya zana zinazopakiwa huingia kwenye nafasi ileile ambayo modeli inatumia kufikiria ombi la mteja. Yana gharama ya pesa, na yakizidi yanaifanya modeli iyumbe. Maelezo yetu ya kata_tiketi yalifika kurasa mbili. Kila kosa jipya liliongeza sentensi, na sentensi mpya zikaanza kugongana na za zamani. Siku moja mwenzangu aliyasoma yote kwa sauti, akauliza kwa nini tunamwomba wakala aandike saa hata kidogo.

Alikuwa sahihi. Ratiba tunayo sisi. Tukaiondoa nafasi ya saa, na tarehe nayo. Zana ya tafuta_safari sasa hurudisha safari zilizopo, kila moja na namba yake na saa yake imeandikwa kwa namna zote mbili, "saa 12 asubuhi (06:00)", na kata_tiketi inapokea namba ya safari peke yake. Wakala hawezi kukata basi la saa isiyokuwepo, wala hana cha kugeuza wakati wa kukata. Zile kurasa mbili zikawa sentensi nne. Tangu hapo, nikiona maelezo ya zana hayaishi, naacha kuhariri maneno na kuanza kuitilia shaka zana.

Wakubwa wa fani hii wamekutana na jambo hilohilo. Anthropic waliandika mwishoni mwa 2024 kwamba wakala wao wa kurekebisha programu alikuwa akikosea anwani za faili baada ya kuhama folda kuu. Waliilazimisha zana ipokee anwani kamili kuanzia mzizi, yaani folda ya juu kabisa, na kosa likaisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliotengeneza SWE-agent, wakala mwingine wa kurekebisha programu, mwaka huohuo waliona kwamba kumwonyesha wakala mistari 100 ya faili kwa wakati mmoja kulimsaidia kuliko kumwonyesha faili zima. Katika kisa chochote kati ya hivyo viwili, modeli yenyewe haikuguswa.

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa hapa ni lugha: maelezo yaandikwe Kiswahili au Kiingereza? Modeli kubwa zinasoma zote mbili, lakini zimelishwa Kiingereza kingi zaidi, kwa hiyo sipingi mtu akiandika maelekezo ya kiufundi kwa Kiingereza. Ninachosisitiza ni kwamba mifano ya maneno ya watumiaji ibaki Kiswahili kama kinavyosemwa, na "kesho kutwa" yake na "alfajiri" yake. Ukiitafsiri mifano hiyo umeondoa kile hasa ambacho wakala alihitaji kufundishwa.

Kuhusu usalama nitasema jambo moja. Kwa kuwa modeli huyasoma maelezo ya zana kama maelekezo, maelezo yaliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya yanaweza kuiamuru. Aprili 2025 kampuni ya Invariant Labs ilionyesha jinsi amri zilizofichwa ndani ya maelezo ya zana zinavyoweza kumfanya wakala atoe faili za siri za mwenye kompyuta. Ukichukua zana ya mtu mwingine, soma maelezo yake yote, hata yale ambayo skrini haikuonyeshi, na uyasome tena kila inaposasishwa.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua wakala mpya asiye na kumbukumbu ya kazi yako, mpe maombi halisi ya wateja kama walivyoyaandika, na makosa yao ya tahajia, kisha soma rekodi ya hatua zake neno kwa neno. Usitazame tu kama alifaulu. Tazama alipozunguka, alipoita zana isiyohusika, alipobuni kitu ambacho hakuambiwa. Kila mahali pa namna hiyo pana sentensi inayokosekana au nafasi inayopaswa kuondolewa. Sisi tunaziweka hizo kwenye faili moja kando ya msimbo, na haliingii badiliko la zana bila maelezo yake kubadilika siku hiyohiyo.

Ingizo la mwisho kwenye faili hilo ni la wiki iliyopita. Mama mmoja aliandika, "Nataka kusafiri mimi na mtoto, Jumamosi, Dodoma." Wakala alitafuta safari, akapata, akamkatia viti viwili na kumtoza nauli mbili. Mtoto alikuwa na miezi saba. Karani wa dirishani angemwona mgongoni mwa mama yake na wala asingeuliza. Tumeongeza kwenye maelezo ya kata_tiketi: "Abiria akitaja mtoto, muulize umri, na kama atapakatwa usimkatie kiti."